Sina Mengi ya Kusema

Kwetu mtu akisimama na kusema "sina mengi ya kusema", jua ataongea mpaka wali upoe. Ni adabu tu. Unajishusha kwanza, ndipo unamwaga yaliyo moyoni. Mchungaji wetu pale Lewisham, kwa Waingereza tulikokimbilia, alianza hivyo kila Jumapili, na hatukuwahi kutoka kabla ya saa nane mchana.

Mwaka ule wabunge walikuwa na muswada wa elimu: watoto wetu, sisi tuliokuwa tukingoja majibu ya maombi ya hifadhi ya ukimbizi, watolewe kwenye shule za mitaa, wasomeshwe peke yao katika hosteli za serikali, mbali na mji. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulipotoka Kongo alikaa mwaka mzima bila kutamka neno. Shule ya mtaa wetu ndiyo iliyomfungua mdomo. Leo wamtoe? Thubutu!

Mchungaji akaniambia kamati ya wabunge inapokea ushahidi wa maandishi kutoka kwa yeyote. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo mimi nikasema kwa Kiswahili, binti akaandika kwa Kiingereza. "Waheshimiwa, sina mengi ya kusema," nikaanza. Zikajaa kurasa nne. Nilieleza ule ukimya wake, mwalimu aliyekuwa akikaa naye sakafuni, siku aliyorudi nyumbani anaimba. Binti aliandika huku akijifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Ripoti ilipotoka, mchungaji akatuletea. Wengine walipewa aya nzima. Mimi nilipewa mstari mmoja: mzazi anayeomba hifadhi ameandika kwamba hana mengi ya kusema. Basi! Watu wamesoma vyuo vikubwa, wakashindwa kufunua ukurasa wa pili. Nilikasirika kwelikweli.

Muswada ukapita. Barua ya kutuhamisha ilipofika, binti ndiye aliyeisoma.

"Mama," akaniuliza kwa Kiingereza, "ni mimi niliyeandika vibaya?"

"Hapana, mwanangu. Uliandika nilivyosema."

Nikamwambia kosa ni lao. Akatikisa kichwa, akaenda kufunga vitabu vya shule ili avirudishe. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, na bado haniamini. Waliotuchomea nyumba kule Kongo nimewasamehe. Wale wa kamati sijawasamehe.