Ralanti ya Kisimba

Kisimba hakuwa mtu wa maneno, na hilo liliwaudhi majirani zake pale Kolwezi, maana fundi wa magari asiye na porojo anachosha kuliko gari bovu lenyewe. Alijifunza kazi katika karakana ya migodi. Migodi ilipoanza kufa, mishahara ikawa hadithi, na waporaji wakasomba karakana yote mpaka misumari, alirudi nyumbani na mikono yake mitupu akajiundia pikapu. Bodi ilitoka kwenye Datsun iliyotupwa, moteri ilikuwa ya Peugeot, na kabureta ilitoka kwenye gari ambalo hata yeye hakulijua jina. Aliviunganisha kwa vibati alivyokata mwenyewe. Bomba la moshi lilikuwa limeoza, akalikata fupi, likaishia chini ya sakafu ya bodi yenye matundu ya kutu. Basi, gari likatembea. Lilimlisha yeye na mkewe Mbombo kwa safari za kufuata mahindi Lubudi na muhogo Kasaji.

Ukaja ule mwaka wa tisini na tatu. Mbombo alizaliwa Kolwezi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, watu walioletwa kuchimba shaba enzi za Wabelgiji. Ghafla vijana wa chama cha siasa cha Wakatanga wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwaambia Wakasai warudi kwao. Kwao wapi, shetani ndiye ajuaye. Mbombo hakuguswa kwa kuwa mumewe ni Mkatanga. Wazazi wake walitolewa nje na magodoro yao, wakaenda kukaa stesheni na maelfu ya wenzao, kungoja treni isiyokuja. Kipindupindu ndicho kilichokuja. Baba akazikwa nyuma ya reli. Mama, Kabedi, akabaki peke yake chini ya kipande cha turubai, na kila Mbombo alipompelekea uji alimkuta amepungua.

"Akibakia kule, tutamuzika pembeni ya papa," Mbombo alimwambia mumewe. Alikuwa amejifungua karibuni, bado anatembea kwa kushika ukuta.

Lubudi alikuwako ndugu mmoja wa Mbombo, mfanyakazi wa reli, Tshimanga, ambaye aliahidi kumpenyeza mama kwenye behewa la kwenda Kasai. Kazi ilikuwa kumfikisha. Vijana walitaka Wakasai waondoke, lakini waondokee stesheni, wakiwa wameshanyang'anywa kila kitu. Mkatanga aliyekutwa anawasafirisha kwa gari lake alichomewa gari hilo, na wengine walichomwa nalo.

Sasa shida ikawa moteri. Demareri, ile stata ya kuwashia, ilishakufa, gari lilikuwa la kusukumwa, na ralanti, ule mngurumo wa chini gari linaposimama, haikushika. Ukitoa tu mguu, moteri inapanda, inashuka, inakata roho. Barabarani huo ni usumbufu tu. Kwenye vizuizi walivyoweka vijana ilikuwa kifo, kwa sababu wangekuja kusukuma, na wakilizunguka gari wangemchunguza kila aliyemo.

Kisimba akaishambulia kabureta. Alisafisha buji, yaani plagi, akapima moto wake, hakuna kitu. Akadondosha maji taratibu kuzunguka kibati kilichoshika kabureta. Kwenye kona moja moteri ikabadili sauti na kuyanyonya. Hewa ilikuwa inaingia kwa wizi. Akakata gasketi mpya kwa katoni ya sabuni, akakaza, na ule mchezo wa kupanda na kushuka ukaisha. Lakini moteri ikipata joto, ilizimika vilevile. Ilikuwa na njaa ya esansi, yaani petroli, na skurubu ya kuirekebisha ilishafika mwisho. Ikabaki jigleri, kile kijitundu cha shaba kinachopitisha esansi ya ralanti. Kipya hakikupatikana mji mzima. Alichukua waya wa chuma, akakipanua polepole, anajaribu, anarudia. Mwishowe moteri ikatulia. Ikanguruma hivyo hivyo, imepoa au ina moto, mpaka akacheka peke yake.

Mbombo, aliyekuwa ananyonyesha mlangoni, alikohoa. "Hii moshi yako inauma macho."

"Itakunywa tu esansi mingi," alijibu, na akaenda kutafuta esansi nyingi. Hilo ndilo pekee aliloliwaza, fundi mzima!

Mpango ulikuwa mzuri. Kabedi angekaa mbele, shavu limefungwa kitambaa kama mgonjwa wa jino asiyeweza kusema, na Kisimba angemwita mama yake mzazi. Kabedi alipofika na kuelezwa, alirudi nyuma hatua. Hakumtazama mkwewe. Alisema na binti yake, huku Kisimba amesimama palepale ameinamisha kichwa.

"Ambia bwana yako: mi siwezi kuikala na mukwe mu cabine moya, magoti kwa magoti, njia yote. Ni afazali nikufie kule ku gare, ku stesheni."

"Mama, ni leo tu. Mungu ataelewa."

"Bankambo je, bale bazee betu balikufa, nabo bataelewa? Nitapanda nyuma."

Na ukweli usemwe, Kisimba alishusha pumzi. Hata yeye hakujua angewezaje kukaa karibu vile na mama aliyempa mke, mtu ambaye alimkwepa njiani kwa heshima miaka yote. Wakamlaza nyuma kando ya ukuta wa kabini, wakamfunika magunia matupu ya kununulia mahindi, juu yake turubai, wakalifunga vizuri kwa kamba pande zote. Majirani wakasukuma, gari likawaka.

Kizuizi cha Mutoshi kilikuwa pipa na gogo. Kijana mmoja mwenye panga alimwashiria asimame.

"Unaenda wapi, tata?"

"Lubudi, kutafuta mahindi."

"Ngoya kwanza. Chef anakula."

Chef, mkubwa wao, alikula kama mtu asiye na haraka na dunia. Kisimba akangoja, mikono juu ya usukani. Ralanti ilishika. Haikukohoa hata mara moja. Yule kijana akaegemea mlango, akasikiliza.

"Moteri yako inaimba muzuri."

"Aksanti," Kisimba akajibu, na Mungu amsamehe, moyoni alijivuna.

Chef akaja akipangusa midomo, akabonyeza turubai kwa kidole, akaona magunia, akachukua hongo yake. Gogo likaondolewa. Mbele kulikuwa na kizuizi kingine, kungoja kwingine, na ralanti ikashika kule pia. Baada ya hapo njia ilikuwa tupu, na Kisimba akaanza kupiga mluzi.

Lubudi jua lilikuwa bado juu. Tshimanga alikuja mbio kutoka kwenye reli, akafungua kamba, akaita, "Mama Kabedi, tumefika!" Akaita tena. Akaondoa magunia. Kabedi alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mtulivu kabisa, na midomo yake ilikuwa myekundu. Kisimba aliiona midomo ile akajua: ndivyo inavyoua sumu ya moshi, moshi wa moteri iliyozidishiwa esansi. Aliinama chini ya bodi, akaona moshi ukipanda polepole kwenye matundu ya kutu. Akazima moteri. Kisha akapanda mwenyewe, heshima ya ukwe ikae pembeni, akamnyanyua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa. Alikuwa mwepesi, na Kisimba alilia kwa sauti mbele ya watu wa stesheni.

Walimzika palepale Lubudi.

Aliporudi, Mbombo alikuwa amekaa mlangoni na mtoto. Kisimba hakungoja kuulizwa.

"Mama alikufa. Ni moshi. Ni mi njo nilipanua ile jigleri."

Mtoto akaanza kulia, na Mbombo hakumtuliza. "Hakukuita?"

"Hapana."

"Hakugonga hata bati?"

"Hapana. Ningesikia."

Mbombo akatikisa kichwa. "Angekuita namna gani? Tangu ulinioa, hakusemaka jina yako hata siku moya."