Mtihani wa Kukaa Kulia

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, lakini Maskati ya mwaka 1970 ilinizidi. Nilikuwa nakaa kwa ami yangu, Matrah, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Niliamka kabla ya jogoo nikaanza kuzunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka mke wa ami akanifukuza kwa ufagio. Mke wangu alikuwa Dubai kwa wazazi wake, ana mimba kubwa. Huko ndiko tulikokimbilia tulipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Sasa Oman ilikuwa imewafungulia mlango watu wake wa Unguja, nami nikatangulia kutafuta maisha. Baba mkwe aliniambia bila ya kupepesa jicho kwamba binti yake hatoki kwake mpaka niwe na kazi na pahala pa kumlaza. Nikaapa nitamleta kabla hajajifungua. Mtoto wangu wa kwanza sikutaka azaliwe mimi sipo.

Kazi ilikuwepo. Ofisi moja ilitaka dereva, na juu ya mshahara ilitoa nyumba ndogo Azaiba, nje ya mji. Mkubwa wao alinisikiliza, akanipenda, akasema, "Lete leseni." Nilitoka pale nacheka. Unguja nilikuwa dereva wa lori la nazi, najua gari kama ninavyojua sahani yangu. Leseni ilikuwa kitu gani?

Sikujua kwamba shida si gari, shida ni upande. Kwetu gari hushika kushoto. Huku hushika kulia, na usukani wenyewe umehamishiwa kushoto. Mara ya kwanza nilipokaa kwenye Landrova ya tajiri wa ami, mkono wangu wa kushoto ulikwenda kutafuta gia ukagonga mlango. Ami, aliyekuwa dereva wa tajiri huyo, alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Yeye alirudi Oman zamani, mimi sijaota hata meno, na ilikuwa kama hajawahi kujua upande mwingine.

Kila alasiri alinichukua nje ya mji kunifundisha.

"Kulia! Kulia, mwanangu! Huku kila kitu kulia. Msikitini unaingia kwa mguu wa kulia, wali unakula kwa mkono wa kulia. Nini kigumu?"

"Na chooni, ami, tunaingia kwa mguu gani?"

"Basi njia ya watu usiifanye choo! Rudi kulia!"

Nikiwa nimetulia, nilikaa kulia vizuri. Lakini nikishtushwa tu, akitokea punda au gari la mbele, mikono ilinivuta kushoto kabla sijafikiri. Kichwa kilikuwa kimeshahamia Oman, mikono ilikuwa bado iko Unguja. Ami akaanza kunipigia kelele za ghafla makusudi, "Punda!", na punda hayupo, ili anizoeshe. Nilichoka, nikachukia, nikamjibu vibaya mara nyingi, na yeye akanivumilia kwa sababu alijua kinachoniwasha. Kila gari lililoingia kutoka Dubai nilikwenda kuuliza habari.

Siku ya mtihani afisa alikaa pembeni yangu kwenye Landrova ya serikali, mtu mnene asiyecheka, tasbihi mkononi. Akasema neno moja, "Yamin," yaani kulia, akanionesha njia ya kutoka mjini. Nikaenda. Mpaka Ruwi sikukosa kitu. Lami ikaisha, tukaingia kwenye changarawe, na hapo nikaanza kuona kichwani nyumba yangu ya Azaiba, mke wangu kakaa mlangoni, tumbo mbele.

Kwenye kona ya kilima ikatokea Landrova nyingine, inakwenda mbio, katikati ya njia. Dereva wake akatuona, akashtuka, akavuta usukani kushoto kwake. Yaani upande wangu, uso kwa uso.

Mtu mwingine angesema yule mwendawazimu. Mimi nilimjua. Sijawahi kumwona maishani mwangu, lakini ule mshtuko ulikuwa wangu. Nilijua kama ninavyolijua jina langu kwamba harudi kulia, atazidi kushoto. Na breki kwenye changarawe ni kujidanganya. Basi na mimi nikavuta kushoto. Tukapishana vizuri kabisa, kama tuko Unguja, njia ya Bububu.

"Niwie radhi, ndugu yangu!" akapiga ukelele kwa dirishani, kwa Kiswahili kitupu. "Nimesahau!"

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja.

Afisa akaniambia nisimamishe gari. Akauliza kwa nini nimekwenda kushoto. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani, cha kusomea dua; maneno ya mshtuko na mazoea sikuwa nayo. Nikatafuta, nikatokwa na jasho, nikapata mawili tu. "Hadha minna." Huyu ni wetu.

"Na njia nayo ni yenu?" akauliza. Akashuka kwenda kumkemea yule mwenzangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akarudi, akasema nije mwezi ujao.

Hata leo nikilikumbuka swali lile damu hunichemka. Kama ningeshika sheria, angeuliza nini, na angemuuliza nani? Lakini kauli ilikuwa yake. Nilirudi Matrah kwa miguu kwa hasira, sikutaka kupanda gari la mtu.

Mwezi ule sikulala vyema hata siku moja. Nilikwenda na ami kila alasiri, kulia, kulia, punda, kulia. Jioni moja tulimkuta mgeni kutoka Dubai anatungoja barazani. Akanishika mkono, akacheka. "Hongera! Mkeo kajifungua salama, mtoto wa kiume. Babu yake kamuadhinia."

Nikasema alhamdulillahi, na niliisema kwa moyo. Lakini adhana ya sikioni, neno la kwanza analosikia mtoto, ilikuwa yangu mimi baba yake; nikaingia ndani nikalia.

Mtihani wa pili nilifaulu. Siku hiyo njia ilikuwa tupu, hata punda hakutokea. Ofisi walikuwa wamenisubiri, nikapewa ufunguo wa nyumba. Lakini mwanamke mzazi hatolewi nje kabla ya siku zake arubaini, kwa hivyo nikakaa peke yangu Azaiba, nafagia vyumba visivyo na mtu.

Walipofika, nilimchukua mtoto kutoka kwa mama yake nikamtoa uani. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia nikaanza kumuadhinia polepole, neno baada ya neno. Ami alitoka akanikuta.

"Mwanangu," akasema, "hiyo husomwa mara moja tu."

"Najua, ami," nikamwambia, nikaendelea mpaka mwisho.