Mtihani Nilioambiwa Nifeli

Mtoto wa shangazi yangu akichonga penseli mezani, mimi hutoka nje. Harufu ya yale maganda membamba ya mbao hunipanda kichwani, nikawa tena na miaka kumi na mitatu, kijijini kwetu Akheri, sweta la shule limetoboka viwiko, siku ya mtihani wa darasa la saba.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Baba aliniita migombani alikokuwa akikata majani ya ng'ombe. Alizungumza Kimeru, lugha aliyoitumia kwa mambo yasiyotakiwa kutoka nje ya nyumba. Alisema shangazi yangu anayeishi mjini, mtaa wa Sakina, amejifungua na anahitaji mtu wa kukaa na mtoto. Alisema pia kwamba nikichaguliwa kwenda sekondari naye asinipeleke, ataitwa ofisi ya kata.

"Kwa hiyo usifaulu," akasema, kama mtu anayenituma chumvi dukani. "Umenisikia, mama?"

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nilikuwa mtoto wa aibu, nikiulizwa jambo hutazama miguu yangu. Nikaitikia.

Ninyi mnaosoma msidhani kufeli ni rahisi. Niliogopa kwamba nikibahatisha nitapata. Kwa hiyo kila swali nililifanya kwanza, nikapata jibu, kisha nikatia weusi herufi ya pembeni yake. Hesabu iliniuma zaidi, maana niliipenda. Nilimaliza kabla ya wote, nikakaa nimefunika karatasi kwa mikono kana kwamba kuna mtu angetaka kuinakili.

Matokeo yalipotoka, rafiki yangu Nuru alinicheka bombani mbele ya wenzetu. "Si wewe uliyekuwa unatufundisha hesabu za sehemu? Kumbe ulikuwa unatupoteza." Nikacheka nao.

Mwalimu wetu wa hesabu hakucheka. Alipanda hadi kwetu kwa miguu, akakaa kwenye kiti cha wageni, chai ikapoa hajaigusa. Aliniuliza mimi, si Baba, kama siku ile niliumwa. Nikatazama miguu.

"Mwalimu, mtoto mwenyewe kashindwa," Baba akasema kwa Kiswahili chake safi cha kanisani. "Ningemshikia mkono?"

"Huyu hashindwi," mwalimu akasema, bado ananitazama mimi. "Sema, mwanangu."

Alisubiri. Nilisikia ng'ombe akitafuna nyuma ya nyumba. Jumatatu nilikuwa Sakina, mtoto mgongoni.

Kwa miaka mingi nilijikasirikia mwenyewe, kwa nini sikufungua mdomo. Sasa nina miaka ishirini na moja, naandika polepole, herufi moja moja, kwenye meza ambayo mtoto niliyemlea hufanyia kazi zake za shule, na ndiyo kwanza naelewa nilichofanyiwa. Baba angenifichia sare, angejulikana. Angenitorosha baada ya kuchaguliwa, angeulizwa. Akaniona mimi, nisiyejua kusema hapana, akaniachia kazi yote. Watu hunipoza kwamba shule si ya kila mtu. Baba husema bila kupepesa macho kwamba hajawahi kumnyima binti yake masomo, na ukitafuta ushahidi hutaupata. Upo mtihani tu, wenye namba yangu, nilioufanya kwa mkono wangu, na kila jibu ni kosa.