Gunia Nililoliona kwa Macho ya Ami Faki

Hata leo mafuta ya nywele ya kunukia hayaingii nyumbani kwangu. Ndiyo aliyojipaka Ami Faki, ndugu yake baba, aliporudi kijijini kwetu Mgogoni kutoka Unguja mjini, ambako kazi yake, msicheke, ilikuwa kutazama sinema. Kila alasiri alikaa barazani akitusimulia. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ya jambazi aliyemlisha maneno mtu aliyepotewa na kumbukumbu, mpaka maskini yule akakiri kuua. Watu wazima na vilemba vyao walimkodolea macho kana kwamba katoka kuhiji. Debe tupu haliachi kuvuma.

Msimu huo gunia la karafuu la bibi likatoweka. Wazee wakataka isomwe Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi. Mzee Almasi, mchumaji wetu aliyetoka bara, akasema, "Isomwe hata leo." Ami Faki ndiye aliyeomba tungoje, huenda yuko aliyeona.

Na huyo aliyeona akamtengeneza mwenyewe: mimi, msichana wa miaka minane. Siku ya kwanza aliniuliza kama sikumwona Mzee Almasi na gunia. Nikasema sikumwona. "Kumbuka vyema, mwanangu, weye una akili." Siku ya pili akanipa halua, akaniuliza kikoi cha mzee kilikuwa cha kijani au cheupe. Nikachagua kijani. Siku ya tatu mimi mwenyewe nikamweleza jinsi gunia lilivyomwelemea mzee begani, naye akashangaa, mnafiki yule, kama anasikia jipya.

Mbele ya wazee, Mzee Almasi aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, weye umeniona mie?"

"Nimekuona," nikajibu, wala sikujua kuwa naongopa.

Kwa kuwa shahidi kapatikana, Halbadiri haikusomwa. Mzee Almasi akafukuzwa yeye na wanawe, na wenye vilemba wakamsifu Ami Faki kwa busara. Busara gani? Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtuhumiwa alikitaka kisomo na mwenye mafuta kichwani akakikimbia.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipomtajia mama kikoi kile. Akaniangalia sana.

"Siku ile gunia lilipopotea ulikuwa na surua, macho yamegandana kwa tongo. Hata mie hukuniona."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniita barazani?"

Namdharau Ami Faki, na wazee wale nawadharau zaidi. Lakini nikifumba macho, Mzee Almasi anapita uani na gunia begani, na namwona.