Mwanamke Anayewatafuta Wenye Ha Moeti

Jua halijafika bondeni, na Moselantja Lebenya ameshamfokea mgeni wake wa kwanza.

"Wewe baba wa kofia nyekundu, rudi! Umepita ukutani kama mbuzi. Mlango uko huku."

Mlango wenyewe haupo. Yapo mawe mawili yaliyosimama na nyasi katikati yake, na ukuta wa pembeni umelala chini, hata kuku angeuvuka. Hata hivyo, watembeaji waliotoka mji mkuu, Maseru, wanarudi, wanajipanga, wanapiga hodi kwenye nyumba isiyo na paa.

"Karibuni," Moselantja anaitikia kwa niaba ya wasiokuwepo. Watu wanacheka, lakini wanaingia wameshusha sauti.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kutoka mji mdogo wa Semonkong huwapitisha watu milimani kwa miguu, kwenye vijiji ambavyo wenyewe walihama vikabaki mawe na mipichi. Msimu ukiwa mzuri, hununua unga kwa gunia. Ukiwa mbaya, kwa kopo. Mumewe, mchunga kondoo, hupita akisema kaoa mwanamke anayezurura majumbani mwa watu na hapewi hata chai.

Kijiji cha leo, Ha Moeti, anakipenda kuliko vyote, na ndicho kinachomnyima usingizi. Mtama ukishavunwa, mawe ya kijiji hiki yatabebwa yakajenge kingo za barabara mpya. Chifu Ramatseka ameridhia. Hoja yake, ukiisikia barazani, inaingia akilini: Ha Moeti, kwa lugha yao, maana yake ni kwa mgeni. Kwa hiyo palikuwa pa wasafiri tu, walilala, wakaondoka. Hapana mwenyewe.

"Barabara hata mimi naitaka," anasema Moselantja. "Wajawazito wetu wanashushwa kwa farasi! Lakini mlima mzima ni mawe. Kwa nini wayafuate yale yaliyokwisha kuwa nyumba ya mtu?"

Linamuuma, na ana sababu yake mwenyewe. Kijiji alichozaliwa kimefunikwa na maji ya bwawa.

"Wanangu wakiuliza kwetu ni wapi," anasema, "nawaonyesha samaki."

Uani, wageni wamelizunguka jiwe la kusagia. Mawe kama hayo huwa na shimo moja, la mwanamke mmoja. Hili lina mawili, yanatazamana.

"Nani alisaga hapa?" anauliza yule wa kofia nyekundu.

"Miaka yote nimekuwa nikijibu sijui, nikibuni hadithi njiani," anasema Moselantja. "Sasa najua."

Alijulia kilabuni. Desturi yake ni kuuliza popote penye watu: msibani, sokoni, kwenye foleni ya kinu. Siku hiyo aliingia kwa muuza pombe mmoja hapo Semonkong, akasimama mlangoni.

"Natafuta watu wa Ha Moeti!"

"Umechelewa, dada," mnywaji mmoja akamjibu. "Wageni wameshaondoka, na mablanketi wamebeba!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bibi aliyekuwa akichuja pombe pembeni hakucheka. Aliweka chujio chini.

"Nani anamcheka babu yangu?"

Ndivyo alivyojulikana Mama Khauta. Moeti alikuwa mtu. Siku aliyozaliwa, theluji ilikuwa imemfungia msafiri nyumbani mwao, basi mtoto wakamwita Mgeni. Akakua, akajenga mji, akaoa wake wawili. Alipokufa akazikwa zizini mwa ng'ombe, kama mwenye mji yeyote. Baadaye chemchemi ikakauka, wanawe wakatawanyika, likabaki jina, na watu wakalielewa kinyume.

Moselantja hakukubali upesi. Akamtega: "Kuna jiwe la kusagia pale. Likoje?"

"La bibi zangu? Lina mashimo mawili. Walisaga wakitazamana ili watukanane vizuri."

Moselantja alimrukia kumkumbatia, pombe ikamwagika, na wanywaji wakaacha kucheka wakaanza kulalamika.

Kesho yake alikuwa kwa Chifu. "Nilimwambia, Chifu, tangu lini mgeni akazikwa zizini? Akajikuna kidevu. Akasema, huyo mjukuu aje mwenyewe, alionyeshe kaburi mbele ya baraza. Akilionyesha, haling'oki hata jiwe moja. Asipokuja, nisimsumbue tena."

Baraza ni Alhamisi, kulekule Ha Moeti, na tatizo sasa ni magoti ya Mama Khauta. Gari linaishia mbali chini, naye hajapanda farasi tangu alipokuwa msichana. Moselantja ameazima kwa baba mkwe wake farasi jike mzee, mpole, akamtandika mablanketi mpaka anaonekana kama kitanda. Kila jioni wanafanya mazoezi nyuma ya kilabu, na wanywaji walewale, glasi mkononi, wanapiga kelele za ushauri.

"Shika shingo, bibi!"

"Shika mdomo wako!" anajibu bibi.

Akishinda, Moselantja anataka Mama Khauta awe anawapokea wageni palepale uani, awasimulie mwenyewe. Asiposhinda? Hapendi kuulizwa hivyo. "Atafika. Hata nikimbeba mgongoni," anasema jioni, mazoezini.

Mama Khauta, juu ya farasi, amesikia.

"Hakuna wa kunibeba," anasema, akivuta hatamu. "Na huyu akiniangusha kule juu, nizikeni hukohuko na babu yangu. Tuone Chifu atabishana vipi na makaburi mawili."