Damu ya Kabaila

Ngariba aliponiuliza kama mama yake mtoto ameridhia, nilipaswa kusema hapana. Nilisema ameridhia.

Leo jirani anaponda majani ya mwarobaini, na harufu ile chungu imenirudisha Isevya, kwenye kibanda cha jando.

Mwalimu wetu, aliyesomea Urusi, alitusimulia habari za mtoto aliyekuwa mrithi wa ufalme wa huko, ambaye akijikwaruza tu damu haikatiki. Darasa zima likageuka kumtazama mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Fizi zake zilikuwa zikivuja damu kutwa, na kwa sababu hiyo mama yake alimkataza jando. Miaka ile ya Ujamaa kabaila, mtu wa ukoo wa kitawala, lilikuwa tusi kubwa, na wanafunzi wakampachika jina hilo.

"Nikitahiriwa wataacha," aliniambia. "Wewe sema tu mama ameridhia, kaka."

Ngariba alimkata, akapaka dawa ya mwarobaini, akapaka majivu, akapaka tena. Damu ilipenya polepole, mchanga ukainywa. Wavulana waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja mmoja. Mdogo wangu hakulia. Midomo yake ilikuwa imegeuka myeupe. Alinitazama, akatabasamu.

"Kaka," alinong'ona, "kumbe kweli mimi ni wa ukoo wa wafalme wale."

Alikufa kabla ya adhuhuri. Mama mdogo hakuwa na mtoto mwingine. Aliishi jirani nasi hadi uzee, na kila nilipomwona nilimwamkia shikamoo. Hakuniitikia marahaba hata mara moja, mpaka tulipomzika.