Filamu ya Maumbo Matatu

Saa tano kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi, shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, aliingia kibandani kwangu pale mtaa wa Raila akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kanda ya video ya harusi yao, flashi moja, na simu ya marehemu yenye ufa kwenye kioo. Kaka yangu alikuwa mochari siku ya nne. Tulihitaji laki mbili kumpeleka kwetu Vihiga na kumzika Jumatano iliyofuata. Mchango ungefanyika Jumamosi katika ukumbi wa kanisa Kawangware, kwa sababu huko ndiko alikopaka rangi nyumba za kupangisha kwa miaka kumi na tisa. Mwenye ploti ya nyumba hizo aliyempa kazi kuliko wote alikuwa ameahidi elfu sitini peke yake. Wenzake wawili waliahidi kumi na tano kila mmoja, na tulijua wanamfuata yeye.

"Tengeneza kitu ya dakika kumi," shemeji alisema. "Hawa watu wamwone kwanza, ndio watoe na roho safi."

Hiyo ndiyo kazi yangu. Ninahamisha kanda za zamani na kuunganisha picha za harusi na za mazishi. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuharibu. Jambo ambalo nimelishikilia kuliko yote ni umbo la picha. Kanda ya zamani ina upana wa vipimo vinne kwa kimo cha vitatu, karibu mraba. Kamera za leo hutoa kumi na sita kwa tisa, na televisheni zimeundwa hivyo. Simu ikishikwa wima hutoa tisa kwa kumi na sita, kama mlango. Ukitaka umbo moja liingie ndani ya jingine, utaacha weusi pembeni, au utaivuta picha hadi watu wanenepe, au utaikuza ijae na kukata kinachozidi. Wenzangu huvuta na hukata. Mimi huacha weusi. Bwana harusi mmoja wa Ayany aliwahi kunidai nusu ya malipo yake, kwa hoja kwamba nilimpa nusu ya skrini.

Filamu ya kaka yangu ilikuwa na maumbo yote matatu. Harusi ilikuwa ya mraba. Kisha picha pana, iliyopigwa na kamera ya kanisa siku alipopaka madhabahu bila malipo. Mwisho ilikuwa video ya simu, aliyojipiga wiki mbili kabla ya kufa ili kumtumia mama. Alikuwa ameegemeza simu kwenye kiti, naye ameketi kitandani, na picha ilishika kila kitu kuanzia balbu hadi sakafuni. "Mama," alisema, "Desemba nakuja kukupakia sebule. Rangi niko nayo tayari."

Ijumaa adhuhuri shemeji alikuja kuiona. Alitazama yote, kisha akagusa skrini kwa kidole.

"Hii ya mwisho ijaze."

"Nikiijaza nakata zaidi ya theluthi mbili."

"Kata. Si sura ndiyo wanataka kuona?"

"Shem, hivi ndivyo alivyoiacha mwenyewe. Siwezi kumkata mtu amekufa."

"Kuna watu wakubwa wanakuja. Weka sura tu."

Nilichukua karatasi na rula nikamchorea. Nilimweleza jinsi mkanda wa juu na wa chini ungepotea, na kwamba kukata ni kusema uongo kuhusu mtu asiyeweza kujitetea. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa. Wewe ndiye umesoma hizo vitu," akafunga leso yake kichwani upya na kuondoka. Nilidhani nimemshawishi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wenye ploti watatu walikaa mbele, kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa. Ile picha ya mraba ilipoanza, kijana mmoja nyuma akaita, "Fundi, hiyo TV yako ni ya kukopa? Mbona wamekupa nusu?"

"Wacha, hizo ndizo harusi za zamani," mama mmoja akamjibu. "Kitambi kilikuwa hakijaingia, kwa hivyo hawangehitaji nafasi kubwa."

Watu walicheka, hata shemeji. Madhabahu ilipokuja, pana na angavu, walipiga makofi. Kisha kaka yangu akatokea katikati ya weusi, mwembamba na mrefu kama mlango ulioachwa wazi, akaanza kuzungumza na mama.

"Simamisha hapo," mwenye ploti wa elfu sitini alisema. Hakupaza sauti. "Rudisha kidogo. Hapo. Hizo ndoo ziko chini ya kitanda zina namba. Isome."

Ndoo zilikuwa tatu, za lita ishirini, vifuniko havijafunguliwa. Kwenye kila moja iliandikwa namba ya ploti kwa kalamu nyeusi nene. Video ile nilikuwa nimeitazama si chini ya mara arobaini. Nilipima kingo zake zote nne, nikarekebisha mwanga wa uso, na sikuwahi kusoma kilichokuwa chini ya kitanda. Kwa mafundi wa rangi, kinachobaki ndooni ni chako, na hakuna mwenye ploti anayekidai. Ndoo iliyofungwa haijawahi kuitwa mabaki.

Nilisoma namba.

"Ni zangu," alisema. "Zilipotea mwezi wa tano. Nilimfuta kazi mlinzi kwa sababu ya hizo ndoo. Mzee mwenye wajukuu. Huyu marehemu alikuwa amesimama hapo hapo nikimfuta, akanyamaza." Alisimama, akampa shemeji mkono. "Pole sana, mama. Mungu awatie nguvu." Akatoka, na wale wawili wakainuka wakamfuata.

Nilimkuta shemeji nje, karibu na tangi la maji.

"Ungeniambia sababu," nilisema.

"Ningekuambia aje? Wewe ni ndugu yake. Nilikuambia ujaze, ukanichorea na rula."

Jumapili mkokoteni wa mwenye ploti ulikuja kwa shemeji kuchukua zile ndoo. Nilimtafuta yule mlinzi. Mlinzi mwenzake aliniambia alirudi kwao na hakuacha namba ya simu. Jumatano ya mazishi ilipita. Mama alikaa Vihiga na jamaa waliokwisha kufika, akiwapikia, na kila jioni alinipigia simu kuuliza kama gari limetoka Nairobi. Nilikopa, nikauza kamera yangu kubwa, na kaka yangu akazikwa siku nane baada ya siku aliyopangiwa, mbele ya watu wachache.

Ahadi zilizoondoka ukumbini zilikuwa shilingi elfu tisini. Mochari ilitoza mia nane kwa kila siku ya ziada. Kwa kukataa kukata sehemu ya chini ya picha, nilipoteza shilingi elfu tisini na sita na mia nne.